Homuweki iko kwenye daftari, mfumo unadai faili

SWALI

Shikamoo mwalimu. Mi nafundisha hesabu kidato cha pili shule moja ya binafsi huku Mbagala. Shule imetuwekea Moodle, ule mfumo wa masomo mtandaoni, na tumeambiwa kila homuweki iingie mule, sawa, naiweka, ila watoto wanafanya kwenye daftari na Jumatatu asubuhi nakusanya madaftari nasahihisha kwa kalamu nyekundu kama siku zote. Tatizo mfumo haulijui hilo. Ikipita Jumapili saa sita usiku unamwandikia kila mtoto kwamba amechelewa kukusanya, na wengi wanaingilia simu ya mama kwa hiyo mama ndo anaona. Juzi kanipigia mmoja saa nne usiku, eti mwanangu kafanya maswali yote nimekaa naye mezani mbona mnaandika hajaleta? Watoto wengine wameshajua dawa, wanapakia chochote ili yale maandishi yatoke, nimefungua faili la mmoja nikakuta picha ya sahani ya wali. Nikasema basi niondoe tarehe, sasa wanasahau kazi ni ya lini. Nifanyeje?

Ticha wa Mbagala

JIBU

Marahaba ticha. Huyo wa wali tutamrudia.

Kwanza usiwalaumu watoto wala mama zao. Wewe umeweka kazi ya kukusanya mtandaoni bila kujua, maana ukitengeneza kazi mpya kwenye Moodle ukaacha kila kitu kilivyo, kwa kawaida inakuja na sehemu ya kupakia faili imeshatikiwa tayari, na mfumo ukishaambiwa faili litakuja utalidai mpaka liingie, hauna macho ya kuona rundo la madaftari kwenye meza yako.

Dawa ni ndogo mno. Fungua mipangilio ya ile kazi, shuka chini mpaka palipoandikwa "Submission types". Utakuta viboksi viwili, kimoja cha kuandika majibu palepale na kingine cha kupakia faili. Toa tiki kwenye vyote viwili, sevu, basi. Kama shule yako imeongeza na aina nyingine pale nazo zitoe. Mtoto akifungua ataona maswali yako, ataona tarehe, na ataona sentensi inayomwambia kazi hii haihitaji kutuma chochote mtandaoni. Kitufe cha kupakia hakipo kwa hiyo hata wali hauna pa kupitia.

Tarehe irudishe, usiiogope tena. Kilichokuwa kinawatisha kina mama ni lile deni la faili.

Halafu kuna walimu wenzio, hasa waliofundishwa Moodle zamani, watakwambia usihangaike na tiki, tafuta kazi ya aina ya "Offline activity", yaani kazi isiyotumwa mtandaoni, kwenye orodha. Utaitafuta mpaka bando liishe. Ile ilikuwa aina ya kazi inayojitegemea kwenye matoleo ya zamani, toleo la 2.3 la mwaka 2012 likaja na kazi ya mtindo mpya yenye aina zote ndani yake, ndo maana siku hizi inapatikana kwa kutoa tiki.

Sasa maksi. Najua utauliza, bila faili nitaweka wapi maksi? Palepale. Ukurasa wa kusahihisha bado una majina yote, unaandika 14 kati ya 20 na maoni yako kama kawaida. Ila mi nakushauri kitu kingine kwa sababu najua intaneti ya ofisi za walimu ilivyo, unaandika maksi za watoto 45 ukifika wa 38 ukurasa unazunguka tu. Kwenye mipangilio ileile, sehemu ya "Feedback types", tiki kiboksi cha "Offline grading worksheet". Hapo unashusha karatasi ya darasa zima inayofunguka kwenye Excel, unaenda nayo nyumbani, unajaza maksi hata intaneti ikiwa haipo, kesho yake unaipakia mara moja. Angalizo moja tu, usiguse safu ya namba za utambulisho wala usibadilishe vichwa vya safu, ukivigusa mfumo hautaijua karatasi yake.

Mwalimu wa taaluma akitaka kuona nani kafanya nani hajafanya, kuna ile ya kumruhusu mtoto abonyeze mwenyewe "Mark as done". Inaonyesha tiki kwenye ripoti na ofisini watafurahi. Mi binafsi siiamini sana. Mtoto wa kidato cha pili akipewa kitufe cha kusema nimemaliza atakibonyeza akiwa anaangalia mpira. Kama unataka kujua kweli, Jumatatu waite watatu ubaoni bila kuchagua, wafanye swali la nne mbele ya wenzao, dakika kumi tu ushajua nani kanakili kwenye daftari la jirani.

Kwa wanaotumia Google Classroom, mfumo wa Google wa kazi kama hii, maana najua mtaniandikia: kule ukiweka kitu kama "Material" hakidaiwi na mtu, ila hakina tarehe ya mwisho wala maksi. Ukiweka "Assignment" tarehe na maksi vipo, na mtoto asiyeambatisha kitu anabonyeza tu kwamba kamaliza, asipobonyeza hadi tarehe ipite anaandikiwa kazi haijaonekana hata kama daftari unalo mkononi. Kwa shida kama ya ticha wetu, Moodle imekaa vizuri zaidi.

Kabla hujaanza wiki hii, watumie wazazi ujumbe mfupi kwenye grupu la darasa, kwamba homuweki za hesabu zinafanywa kwenye daftari na zinaletwa Jumatatu, mtandaoni ni kwa kusoma maswali na kuona maksi tu. Mistari miwili inatosha, na hiyo simu ya saa nne usiku itapungua.

Zile kazi za nyuma usizifute, ukifuta kazi na maksi zake zinaondoka nayo. Zifiche tu wanafunzi wasizione. Na yule mwenye sahani, kabla hujamgombeza muulize kama ulikuwa wa nazi.