Barua kwa mwanangu: mjomba wako na hiyo methadoni

Marahaba baba. Meseji yako nimeisoma, unauliza kwa nini mjomba wako bado anakunywa methadoni, ile dawa ya hospitali ya watu wa heroini, miaka yote hii, si ni kubadilisha unga kwa unga tu, na unataka kumtumia hela aende soba, zile nyumba za kuachia dawa za kulevya, akae mwezi mmoja aimalize kabisa. Roho yako nzuri ila hapo umechanganya mambo.

Anza na arosto, yale mateso ya kukosa unga, maana wewe ulikuwa bweni hukuiona. Mtu wa heroini akikaa masaa 6 mpaka 12 bila kete anaanza miayo, machozi na kamasi vinamtoka, mara baridi mara jasho, tumbo linakata, anatapika, anaharisha, mifupa yote inauma, na siku ya pili ya tatu ndo balaa lenyewe. Watu wanasema teja anapenda starehe, starehe gani, ilishaisha zamani, pale anatafuta asiumwe tu, na anatafuta mara kadhaa kwa siku, ndo maana sufuria za bibi yako zilikuwa zinatembea.

Sasa methadoni ni kweli ni ndugu yake heroini, sikufichi. Ila inapanda taratibu na inakaa mwilini siku nzima na zaidi, kwa hiyo anakunywa dozi moja mbele ya nesi, wanampa kidogo kidogo mpaka wapate kipimo chake, akishazoea halewi wala hapati arosto, anaenda zake kwenye shughuli. Na hajidungi tena, bomba la sindano la kuchangia ndo linaleta ukimwi na homa ya ini. Pale Dar hospitali ya Muhimbili walianza kuitoa 2011, Mwananyamala na Temeke wakafuata. Bibi yako anameza vidonge vya presha tangu hujazaliwa, mbona hujamuuliza anamaliza lini?

Huo mwezi wako sasa ndo unanitisha. Mtu akikaa bila kutumia, mwili unapoteza ule uzoefu wa kuhimili unga, lakini hamu haiondoki, inamsubiri pale pale maskani. Akirudi akapiga kiasi kile kile cha zamani pumzi inakata, anafia chooni watu wanadhani amelala. Wanaotoka jela na wanaotoka soba wako kwenye hatari sana wiki zile za mwanzo. Sisemi soba ni mbaya, kuna waliopona huko na wametulia, ila kumtoa mtu kwenye dozi iliyomkalia vizuri eti kwa sababu familia inaona aibu, hapana. Akitaka kupunguza atakaa na daktari wake wapunguze polepole, inaweza kuchukua miezi hata zaidi, na aamue yeye sio sisi.

Na zile bia ulizomnunulia Krismasi usirudie tafadhali, methadoni na pombe au na valium, vile vidonge vya kutuliza, vyote vinabana pumzi, vikikutana ndo kabisaa.

Hiyo hela kama unayo kweli nitumie mimi iwe nauli yake, kila siku daladala kwenda na kurudi na Jumapili humo humo, akikosa dozi siku kadhaa mfululizo wanamshusha anaanza tena chini. Halafu mpigie umsalimie, usimuulize habari ya dawa, muulize mpira.