Siku sita kwa miguu jangwani Australia na wenyeji Waarrernte: jibu refu kwa aliyeuliza kama inafaa hela

Mkuu uliyeuliza kama hizi safari za kutembea jangwani Australia na waongozaji Waaborijini, yaani wenyeji wa asili wa huko, ni kitu cha kweli au maigizo ya watalii, na kama hadithi wanazosimulia ni paukwa pakawa tu za kupitisha jioni, nimesoma majibu ya waliotangulia naona wengi wamejibu bei na viatu. Ngoja mimi nijibu la hadithi maana ndio lenye uzito, viatu ntavigusa mbele. Mimi ni mtu wa Dodoma, naishi Adelaide mwaka wa tisa huu, nafanya kazi ya uuguzi, na hiyo njia nimeitembea mara mbili na makundi mawili tofauti kabisa, kwahiyo nina cha kulinganisha.

Njia yenyewe inaitwa Larapinta, inaanzia mji wa Alice Springs katikati kabisa ya bara, kama kilomita 1,500 kaskazini ya hapa Adelaide kwa barabara, inafuata mgongo wa milima ya West MacDonnell mpaka mlima Sonder. Njia nzima ina vipande 12 na inapita kilomita 220, wakakamavu wanaimaliza kwa wiki mbili hadi tatu, sisi wengine tunachukua ile ya siku sita ambayo unatembea vipande vizuri na katikati gari linakusogeza. Wenyeji wana majina yao kwa kila kitu hapo na ni vizuri ukaenda unayajua: mji ni Mparntwe, milima ni Tjoritja, mlima Sonder ni Rwetyepme. Larapinta lenyewe ni jina lao la mto ambao ramani inauita Finke. Na wao wenyewe ni Waarrernte, ukisema Waaborijini umetaja mamia ya makabila kwa mpigo, ni kama mtu akuite Mwafrika alafu aishie hapo.

Mara ya kwanza nilienda na kampuni ambayo sitaitaja. Mwongozaji alikua kijana mzuri tu, mchapakazi, anapika vizuri, ila sio mwenyeji, alikua ametoka mji wa pwani mbali huko na ana miezi mitatu tu hapo. Jioni anatoa karatasi anasoma "hadithi ya wenyeji" alafu tunakula. Nilirudi na picha nyingi na ukiniuliza nilijifunza nini sina cha kukwambia. Basi nikaamini kama wewe, kwamba ni maigizo.

Mara ya pili, Julai, tulikua watu tisa, na kwa siku nne kati ya sita tulikua na bibi mmoja wa Kiarrernte pamoja na mjukuu wake wa kiume. Jina lake siliandiki hapa, kule wazee wa kike wote wanaitwa shangazi hata na wasiowajua, na mimi nilikua namwita Bibi kwa Kiswahili akapenda. Siku ya kwanza mnaanzia kwenye kituo cha zamani cha simu ya waya (telegrafu), ile laini iliyokatisha bara zima kutoka kusini hadi kaskazini mwaka 1872. Watalii wanapiga picha nyumba za mawe. Bibi hakuingia hata getini. Baadae ndio mjukuu akatueleza kwamba kati ya 1932 na 1942 majengo yale yalikua makazi ya watoto machotara, wengi wao walichukuliwa na serikali kutoka kwa mama zao. Akasema hilo tu, tukaanza kutembea.

Tulipopanda kilima cha kwanza, mji wote unauona chini, Bibi akatuonyesha matuta ya mawe yaliyopita katikati ya mji, moja refu, jingine limejikunja, akasema hao ni viwavi. Sio kwamba yanafanana na viwavi, ni viwavi. Yeperenye, Ntyarlke na Utnerrengatye, ndio waliotengeneza nchi ile ya Mparntwe, wakapigana na wadudu wengine, wengine wakauawa, na miili yao ndio hiyo milima. Kwetu kiwavi ni adui wa mahindi, mwaka wa viwavi jeshi ni mwaka wa njaa, kwahiyo kumsikia mzee anamtaja kiwavi kwa heshima ya babu mzaa babu ilinichukua muda kuelewa. Alafu akanyoosha kidole sehemu ambayo tuta linakatika ghafla na barabara ya lami inapita. Miaka ya 1980 mwanzoni wakati mji unapanuka wakapasua mkia wa Ntyarlke, wazee walikua wameshakataa. Alivyosema neno mkia sauti ilibadilika, yaani kama unavyosema mguu wa ndugu yako aliyepata ajali.

Hapo ndio nikaanza kuelewa mkuu. Zile sio ngano. Sisi tukikaa jioni msimulizi anasema hadithi hadithi, tunaitikia hadithi njoo, nayo inakuja popote tulipo, Dodoma, Tanga, hata hapa Adelaide sebuleni kwangu nawasimulia wanangu sungura na fisi na hakuna wa kuniuliza nimeipata kwa ruhusa ya nani. Kule hadithi haiji, iko mahali ilipo na wewe ndio unaifuata kwa miguu, na ina wenyewe. Kipande hiki cha mlima ni cha ukoo huu kupitia baba, kile wanakitunza watu wa upande wa mama, na ukishavuka korongo fulani Bibi ananyamaza, ukimuuliza anasema hiyo sio yangu kuisema, waulize wa kule. Mwanzo wenzetu wawili walikua wanaona kama anawanyima. Mimi nikawaambia fikirieni ni hati ya shamba, unaweza kusoma hati ya jirani yako hadharani kisa umeiona?

Na hili la hati silitii chumvi. Mwaka 1999 mahakama ya shirikisho ilitambua kwamba Waarrernte bado wana haki za asili juu ya sehemu za ardhi ya Alice Springs, na ushahidi wao ulikua ndio huo, nani anajua mahali gani, nani anatunza nini, njia za mababu zinapita wapi. Neno lao la hiyo misingi yote ni Altyerre. Wazungu walilitafsiri kama ndoto tangu enzi za Spencer na Gillen, watafiti walioandika kuhusu mila za Waarrernte, mwishoni mwa karne ya 19 (huyo Gillen alikua bosi wa kile kituo cha simu) na tafsiri imeleta hasara, maana mtu akisikia ndoto anajua ni kitu cha usingizini. Altyerre ni sheria, ni ukoo, ni ramani ya maji, na iko hai mpaka leo.

Siku ya pili tukafika Angkerle Atwatye, wenye ramani wanaita Standley Chasm, ni ufa kwenye mwamba mwekundu, kuta mbili zimesimama wima zimeachana hatua chache, mchana jua likiingia katikati mwamba unawaka kama mkaa uliopulizwa. Ardhi ile ni mali ya wenyeji wenyewe na wao ndio wanaiendesha. Mahali pale panahusu wanawake. Bibi akamwambia mjukuu wake apeleke wanaume mbele, sisi wanawake wanne tukabaki tumekaa chini ya mti, akatusimulia kitu kwa muda wa kama nusu saa. Hicho kitu siwezi kukiandika hapa, na hata kwenye simu nilikua sijarekodi. Alisema ni kile cha juu juu tu, kile cha kuwapa wageni, ila bado ni cha wanawake na niliahidi. Natokea kwenye jamii yenye jando na unyago kwahiyo hilo halikunishangaza, kilichonigusa ni alichosema baadae wakati tunashuka.

Akatuhadithia kwamba kaskazini ya mji serikali ilitaka kujenga bwawa la kuzuia mafuriko, na bwawa lingezamisha mahali patakatifu pa wanawake. Wanaume wa serikali wakawa wanasema sawa, tuambieni kuna nini hapo. Sasa wafanyeje? Wakinyamaza maji yanafunika, wakisema wanaivunja siri wanayoilinda. Ikabidi wazee wa kike waseme sehemu, kidogo kidogo, na mwaka 1992 waziri wa shirikisho akazuia lile bwawa kwa miaka 20. Bibi anasema walishinda, ila kuna waliolia kwa walichotoa. Nilitembea kilomita kadhaa siongei na mtu. Nilikua nimekuja na kidaftari cha kuandika hadithi zote nitakazosikia, nikakirudisha chini kabisa ya begi.

Kuhusu maji, hapo nilijisikia nyumbani. Mito ile mwaka mwingi ni mchanga mtupu, mijiti mikubwa myeupe imesimama katikati ya korongo kavu, na Bibi anajua uchimbe wapi na wapi usijisumbue. Nikamwambia kwetu Ugogoni tunafanya hivyohivyo, wanawake wanafukua mchanga wa korongo kwa kata mpaka maji yajikusanye. Akaniuliza mnayaongelesha kabla ya kuchota? Wao wakifika kwenye dimbwi wanajitambulisha kwa sauti, mahali papajue ni nani amekuja. Tulipofika Udepata, lile dimbwi kubwa la Ellery, alitutambulisha mmoja mmoja kwa Kiarrernte, mimi akasema nimetoka nchi ya mbali yenye mchanga kama huu. Maji yake ni baridi ya kukata pumzi, Julai usijaribu zaidi ya kuchovya miguu.

Tukaja kwenye kuta za udongo wa rangi, nyekundu, njano, nyeupe, ambao mpaka leo wanaume wa kule wanauchukua kwa shughuli zao, mgeni haruhusiwi. Mwenzetu mmoja aliokota kijiwe cha chini tu akaweka mfukoni. Mjukuu akamuona, hakugomba, alimuomba akirudishe palepale alipokitoa, na tukasubiri wote mpaka akakumbuka ni wapi.

Jambo jingine ujue kabla. Mtu akifa jina lake halitajwi, na aliye hai mwenye jina hilohilo anaitwa Kwementyaye kwa muda. Pale kambini kulikua na kijana anaitwa hivyo, nikadhani ndio jina lake, mjini nikakutana na mwingine Kwementyaye nikamuuliza kama ni ndugu. Wote wawili walikua na msiba. Tena msiba ukitokea ratiba inaweza kubadilika au mzee asije kabisa, ukisikia hivyo usidai hela irudi, huo ndio ushahidi kwamba sio maigizo.

Usiku wa mwisho kambini baridi inashuka chini ya sifuri, tunalala nje kwenye swag, ni godoro jembamba ndani ya turubai, na nyota ni nyingi mpaka zinachanganya. Bibi akasema alfajiri mkipanda Rwetyepme mtawaona dada saba wanachomoza, wanakimbia mwanaume anayewafukuza, na hadithi hiyo inavuka jangwa zima, kila kabila lina kipande chake. Nikagundua anasema kilimia, lile kundi dogo la nyota! Nikamwambia kwetu jina lake linatokana na kulima, wazee wa pwani walikua wanakitazama kujua mvua, nikamtajia ule msemo, kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Akautaka tena, nikarudia. Akauliza, nani mwenye hiyo? Nikasema hakuna, ni ya wote. Akakaa kimya, anachokora moto, alafu akasema, sasa nani anaitunza? Sikuwa na jibu, na mpaka leo namfikiria marehemu babu yangu ambaye alikua anajua nyota na sikumuuliza hata moja.

Tuliamka saa nane usiku, tochi za kichwani, kwenda na kurudi ni kama kilomita 16, mlima una mita 1,380 kwahiyo aliyepanda Kilimanjaro hatatishika, ila mawe ni makali. Karibu na kilele kilimia kilikua juu upande wa kaskazini mashariki, jua likaja nyuma yake.

Sasa ya vitendo. Nenda kati ya Mei na Agosti, kiangazi chao joto linapita 40 na sio mzaha. Hakuna wagumu wa kubeba mizigo kama Kilimanjaro, mizigo mikubwa inakwenda na gari, wewe unabeba maji, lita tatu mpaka nne kwa siku, na chakula cha mchana. Viatu vilivyokwisha kuzoea mguu, mawe yale yanachana soli, na kinga ya miguu ya chini kwa ajili ya nyasi za spinifex, zinachoma kama sindano. Neti ya usoni kwa nzi. Gharama ya siku sita inapita dola elfu mbili za Australia bila ndege, kwa hela yetu ni nyingi sana, ndio maana kabla ya kulipa waandikie uwaulize: nani atasimulia mahali gani, ukoo wa pale unajua, analipwa yeye au jina lake tu ndio linatumika. Walio wakweli wanajibu haraka na kwa urefu. Kampuni ikikuahidi kukuonyesha sherehe za siri achana nayo.

Swag utapewa huko, ila begi la kulalia la baridi kali ninalo moja la ziada, kama unapitia Adelaide niandikie inbox nitakuazima, urudi nalo tu maana mwakani nampeleka binti yangu.