Kipupwe milimani: anza na unachokilalia

Sisi wa Tanga mjini baridi ya kipupwe tunaimaliza kwa chai ya tangawizi na shuka la pili. Ndiyo maana usiku wangu wa kwanza ndani ya hema kule msitu wa Magamba, juu ya Lushoto, ulinishinda. Ilikuwa Julai. Nilivaa sweta mbili, soksi jozi mbili, nikajifunika blanketi zito la nyumbani. Saa nane usiku meno yanagongana. Mdogo wangu pembeni, na kiblanketi chepesi, amelala fofofo. Yeye alitandika godoro jembamba la sponji. Mimi nilitandika mkeka.

Ndugu yangu unayejiandaa kulala hema milimani wakati wa kipupwe, anzia hapo. Udongo wa msituni una unyevu, na usiku kucha unanyonya joto la mwili wako. Blanketi uliloligeuza kitandiko na kifuniko kwa pamoja halikusaidii upande wa chini, maana uzito wako umelibana. Usiku wa pili nililikunja mara mbili liwe nene, nikalilalia lote, juu nikajifunika koti na kanga mbili za mama. Nililala mpaka alfajiri. Kwa hiyo kabla hujatoa hela nyingi kwa mfuko wa kulalia, tafuta sponji, na chini yake turubai.

Kanuni ya kukumbuka: kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua nyuzi kama 6. Tanga tuko usawa wa bahari, na vilele vya Magamba vinapita mita 2,000. Fanya hesabu mwenyewe.

Kwa sababu hiyo napendekeza uanzie Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki, ambako ni karibu mita 900 tu, mwili uzoee. Ni lami hadi Muheza, kisha barabara inapanda msituni. Penye vumbi, manyunyu yakishuka inateleza vibaya, basi ondokeni asubuhi. Amani ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997, na Wajerumani waliweka kituo chao cha utafiti wa kilimo pale mwaka 1902. Miti waliyoileta kutoka pembe zote za dunia bado imesimama. Mimi huko huenda taratibu sana. Maji ya mto Zigi tunayokunywa mjini yanatoka kwenye misitu hii, na kuyaona yakipita baridi kati ya mawe kunanigusa kila mara.

Mchana, jinzi iache kwenye gari. Ikilowa ukungu haikauki siku nzima. Funga seti moja ya nguo kavu ndani ya mfuko wa nailoni, iwe ya kulalia tu, na usiiguse hata ukitamani kiasi gani. Chukua mwongoza wageni. Ukungu ukitanda, njia uliyopita asubuhi huitambui. Saa tisa alasiri iwe mwisho wa kwenda mbele, kwani chini ya miti mikubwa giza huwahi. Na kabla ya kuwasha moto, muulize askari wa hifadhi unaruhusiwa wapi. Sisi hubeba jiko dogo la gesi, na uji wa moto kabla ya kulala.

Kurudi, kutoka Lushoto hadi Mombo ni kona juu ya kona. Teremka kwa gia ndogo, breki zipumzike, na ukifika mji mdogo wa Soni simama unyooshe miguu.