Chupa za maji na kijana wa vyumba

Wiki hii mmeuliza kama hoteli ikitunza mazingira, vijana watakaa kazini. Swali limenichoma. Nasimamia vyumba katika hoteli moja ndogo hapa Kigoma, na vijana nimewaona wakishuka na kupanda kama abiria wa treni. Mimi ningeuliza hivi: hayo mazingira anayatunza nani, na anapata nini?

Kikaratasi cha bafuni kinamwomba mgeni atundike taulo kama halijachafuka, tuokoe maji. Sawa, maji yanaokolewa, na umeme na sabuni. Hela iliyookolewa sijaiona kwenye mshahara wa dobi.

Tulikuwa na kijana wa Ujiji. Kila chumba kiliwekewa chupa mbili za maji za nusu lita. Mgeni akiondoka, yeye anaziokota, anazisuuza nyuma ya jiko, anachungulia moja moja kwenye jua; yenye harufu ya soda anaitenga. Jioni anafunga kiroba anawapelekea akina mama wa mawese sokoni Mwanga. Vizibo alivitunza kuliko chupa zenyewe, maana chupa isiyo na kizibo muuza mawese haigusi. Alivitia mfukoni, akipita koridoni unavisikia. Habari za mazingira hakuna aliyemfundisha, ila mzee wa toroli la taka, aliyekuwa akija kila siku, akawa anaruka siku mbili tatu.

Meneja akapenda. Likabandikwa tangazo: chupa zote ni mali ya hoteli, zitauzwa kwa kilo. Kijana akapigwa picha ameshika kiroba, ikatundikwa mapokezi. Tangazo nililisaini mimi. Mwisho wa mwezi akaomba ruhusa akamwone bibi yake, hakurudi. Nikasikia yuko Kibirizi, kwenye dagaa.

Nilikaa kuandika nikitaka kusema kijana anabaki kwa mshahara, basi. Lakini huyu alikaa miaka miwili na mshahara wake haukupanda hata shilingi. Kilichomweka ni kile kiroba. Kwa hiyo nadhani jibu langu ni ndiyo, mazingira yanaweza kumbakiza, mradi mkono wake usinyang'anywe alichokiokota. Nasema nadhani, kwa sababu kule wanakolala watalii wa Gombe labda bakshishi inabadilisha hesabu yote.

Mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, akaja. Nikajua anataka kazi.

"Shikamoo mama. Chupa mnazo bado?"

Nikamwambia chupa tumeacha, siku hizi tunaweka maji kwenye majagi ya glasi, kwa ajili ya mazingira. Akauliza anayaosha nani. Nikamwonyesha binti mmoja mgeni, alikuwa amepiga magoti kwenye karo.

"Akivunja anakatwa?"

Anakatwa.