Mashine Mpya ya Kufyonza Vumbi Ikija na Kasoro, Usikimbilie Bisibisi

Kariakoo ukinunua pasi au blenda, muuzaji anaichomeka palepale kaunta, unaisikia ikiunguruma, ndipo anakuandikia risiti. Hapa Uingereza boksi linaletwa mlangoni likiwa limefungwa, na wa kwanza kuiwasha mashine ni wewe. Kwa hiyo ile kazi ya muuzaji wa Kariakoo inakuangukia wewe, na inafaa uifanye wiki ileile ya kwanza.

Nyumba nyingi za huku zina zulia kutoka ukuta hadi ukuta, hata kwenye ngazi. Ufagio hauliwezi zulia, na penye mtoto mwenye pumu vumbi si jambo la kuchukulia kirahisi. Ndiyo maana tulinunua mashine ya kufyonza vumbi ya kusimama, ile unayoshika mpini ukaisukuma mbele na kuirudisha nyuma. Ilivuta vizuri, ila kila tulipomaliza sebule, vumbi lilinukia chumba kizima. Nikaichomoa kwenye umeme, nikafungua mahali pa chujio, nikamulika kwa tochi ya simu. Upande wa pili wa chujio, unaoelekea kwenye mota, palikuwa na mstari wa unga wa kijivu kwenye kona moja. Upande huo unatakiwa uwe safi. Fremu ya plastiki inayoshika chujio ilikuwa imepinda, ukabaki upenyo wa kuingiza ukucha, na hewa yenye vumbi ilikuwa inapita pembeni ya chujio badala ya kupita ndani yake. Ikishafika kwenye mota, inatupwa nje, inarudi chumbani.

Mjomba wangu alikuwa ametutembelea. "Lete gundi na kipande cha mpira," akasema, "dakika mbili tu."

"Mjomba, tukiigusa tu watasema tumeiharibu wenyewe."

Hakupendezwa, na ninamwelewa. Kwetu, mtu anayejua kutengeneza vitu vyake anaheshimika. Lakini kitu kipya ulichokilipia bei kamili kinatakiwa kifike kizima, na ukikibandika gundi unakuwa umemwondolea muuzaji deni lake na kujitwisha wewe.

Kabla ya kulalamika, hata hivyo, hakikisha ni kasoro kweli. Mashine hizi za kusimama zina mambo yanayofanana na ubovu. Brashi ya chini kwa nyingi haizunguki mpaka ulaze mpini nyuma. Ikiwa imesimama wima, imetulia tu. Kuna mashine zinazokuja na chujio ndani ya mfuko wa nailoni, na usipoutoa, hewa haipiti, mota inachemka na kujizima. Kujizima huko ni kinga dhidi ya joto: ichomoe, toa kilichoziba, iache ipoe kabisa. Na ikiwa inagoma kusukumika, angalia kwanza kitufe cha kupandisha na kushusha kichwa cha chini kulingana na unene wa zulia, kama inacho. Kichwa kilichoshuka mno hung'ang'ania zulia.

Ikivuta kidogo, kuna jaribio dogo ninalolipenda. Chomoa mpira mrefu wa kusafishia ngazi na makochi, weka kiganja mdomoni mwake mashine ikiwa imewashwa. Ukinaswa kwa nguvu huku kichwa cha chini hakiokoti hata uzi, basi mota ni nzima. Shida iko kati ya kichwa na mwili, na mara nyingi ni ule mpira mfupi wa chini, ambao umeziba, haukuingia vizuri mahali pake au umepasuka. Mpira mrefu nao ukivuta kwa unyonge, tazama chujio na tangi la vumbi.

Harufu ya mpira kuungua usiipuuze. Kwa kawaida ni mkanda unaozungusha brashi, unateleza kwa sababu brashi imekwama. Zima, chomoa plagi, kisha uzungushe brashi kwa mkono. Kama hakuna nywele wala uzi uliojisokota na bado brashi ni nzito, hiyo ni kasoro ya kiwandani, usiendelee kuitumia.

Ukishajiridhisha, piga picha: sehemu yenye kasoro, kibandiko chenye namba ya mashine, na video fupi ikionyesha inavyofanya. Halafu mwandikie aliyekuuzia. Hapa ndipo wengi wetu tunayumbishwa. Unaambiwa, "Piga simu kwa mtengenezaji." Waranti ya mtengenezaji ni nyongeza yake mwenyewe, sheria ya Uingereza ya haki za mnunuzi ya mwaka 2015 inambana muuzaji. Ndani ya siku 30 tangu upokee bidhaa, ikiwa na kasoro, una haki ya kuirudisha na kupewa pesa zako zote. Zikishapita, muuzaji anapewa nafasi moja ya kuitengeneza au kukubadilishia, na asipofanikiwa unaweza kuikataa. Ukidai kutengenezewa au kubadilishiwa katika miezi 6 ya mwanzo, kasoro inachukuliwa kuwa ilikuwepo tangu mwanzo, mpaka yeye athibitishe vinginevyo. Hawezi kukukatalia eti huna boksi, na gharama ya kuirudisha kwa njia ya kawaida ni yake. Risiti ikipotea, taarifa ya benki inatosha kuonyesha ulinunua kwake.

Mimi niliandika mistari michache: tarehe niliyoipokea, kasoro ni ipi, na kwamba naikataa kwa sheria hiyo na nataka pesa zangu. Jibu la kwanza la muuzaji lilikuwa lilelile la "piga simu kwa mtengenezaji". Nikarudia ujumbe uleule, kwa adabu, bila kuongeza neno. Wakaja kuichukua. Ukikwama kabisa, Citizens Advice, shirika la kutoa ushauri kwa wananchi, wanasaidia bure, na kama ulilipa kwa kadi ya mkopo na bei ilizidi pauni 100, unaweza kuidai kampuni ya kadi yenyewe.

Neno moja kwa wanaonunua huku kwa ajili ya kupeleka nyumbani. Umeme wa Tanzania, Kenya na Uganda unalingana na wa Uingereza, na hata plagi ni zile za miguu mitatu, kwa hiyo mashine itafanya kazi. (Ya Marekani ni volti 120, hiyo usiichomeke moja kwa moja.) Ila usiipakie kwenye kontena na boksi lake halijafunguliwa. Meli ikifika Dar au Mombasa zile siku 30 huenda zimekwisha, na kuisafirisha tena mpaka kwa muuzaji kunaweza kuzidi bei ya mashine. Fungua boksi huku, fyonza chumba kizima, tazama upande wa pili wa chujio, ndipo ufunge upya na kupeleka.