Mwenye Haki ya Kucheka

Mmeuliza wiki hii kama ni halali kumfanyia Mungu mzaha mbele ya maovu na mateso. Mimi lililonigusa ni jingine: ni nani mwenye haki ya kuufanya mzaha huo? Nilipoanza kuandika nilikuwa na hakika kwamba haki hiyo ni ya aliyeumia peke yake.

Tulipomzika mtoto wa binamu yangu, mhubiri alisema, kwa nia njema, kwamba Mungu huchuma ua lililo zuri kuliko yote bustanini mwake. Bibi wa marehemu, ambaye tangu asubuhi alikuwa kimya akikunja na kukunjua kitambaa mkononi, akauliza kwa sauti ya mtu anayeulizia saa: “Hili lilikuwa halijachanua. Uzuri wake aliuonaje?” Mhubiri akafungua kinywa, akakifumba. Aliyeanza kucheka ni mama wa mtoto, kicheko kilichochanganyika na kilio, nasi wengine tukabaki kutazamana, hatujui tucheke au tukemee. Shangazi mmoja akawahi kusema kwamba kazi ya Mungu haina makosa; bibi akamjibu kuwa yeye hakusema ina makosa, ameuliza tu. (Huyo bibi hakuwa mtu wa kukosa ibada, wala hakuiacha baada ya hapo.)

Ayubu naye, mwili mzima majipu, aliwakejeli rafiki zake kwamba bila shaka hekima itakufa pamoja nao, na mwishoni Mungu anawakasirikia hao waliojifanya mawakili wake.

Ningeishia hapo, lakini Voltaire, mwandishi Mfaransa wa karne ya kumi na nane, ananiharibia hoja. Tetemeko lililoibomoa Lisbon, mji mkuu wa Ureno, tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, liliwakuta wengi makanisani, naye hakuwapo. Hata hivyo, mwaka 1759, katika riwaya yake Candide, alituletea Pangloss, mwanafalsafa anayeandamwa na maafa, tetemeko hilohilo likiwamo, huku akishikilia kwamba dunia hii ndiyo bora kuliko zote zinazowezekana. Siwezi kumnyima Voltaire haki, kwa sababu anayechekwa pale ni mwenye majibu tayari, wala wafu hawaguswi.

Basi mzaha wa mtu wa mbali naukubali, ingawa sijui kama ukimcheka wakili kwa muda mrefu mteja wake husalimika. Ila msibani, hata mwenye hoja nzuri namna gani, amsubiri mfiwa aanze.