Meli za kruzi zinafika karibu kiasi gani na glasia za Alaska? Soma hii kabla hujalipa

Tangu nianze kuposti picha za Alaska, swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: hivi hiyo meli ya kruzi, yaani ya kitalii, inafika karibu kiasi gani na ile barafu? Nikisema barafu nazungumzia glasia, ile mito mikubwa ya barafu inayoteremka kutoka milimani mpaka inaingia baharini. Haya, jibu la haraka ni kwamba meli kubwa, zile za abiria elfu mbili na kuendelea, siku ikiwa nzuri sana zinafika kama robo maili, yaani mita 400 hivi, viwanja vinne vya mpira ukivipanga kimoja baada ya kingine. Siku nyingine zinaishia kilomita moja au mbili, na kuna siku zinaishia mbali kabisa na mnaambiwa kwenye spika kwamba leo haiwezekani, geuza.

Sasa shida ni kwamba watu wananunua tiketi kwa kuangalia tangazo, kwenye tangazo unaona mtu amekaa balkoni na kikombe cha kahawa na barafu iko pale puani, halafu anafika anakuta kilomita mbili za maji katikati anaona ameibiwa. Mimi naishi Tacoma, jimbo la Washington, bandari ya Seattle iko hapo jirani na meli za Alaska zinaondoka pale kuanzia mwisho wa Aprili mpaka Oktoba, kwa hiyo nimepanda, nimewapeleka wageni, na huwa nawaambia watu wote kitu kimoja: angalia meli inaenda GLASIA GANI na MWEZI GANI. Hivyo viwili ndivyo vinaamua utaona nini, kuliko jina la kampuni na kuliko hela uliyolipia chumba.

Nianze na Glacier Bay maana hapo ndipo penye uhakika mkubwa. Hii ni hifadhi ya taifa ya Marekani, na hifadhi hairuhusu meli kubwa za kruzi zaidi ya mbili kwa siku. Mbili tu. Kampuni inabidi iwe na kibali, ndio maana Holland America na Princess utazikuta sana mle na kampuni nyingine nyingi hazina nafasi kabisa, zinapeleka watu kwingine. Asubuhi maafisa wa hifadhi wanakuja na boti ndogo, wanapanda ngazi ya kamba ubavuni mwa meli huku meli inatembea, na wanakaa nanyi siku nzima wanaeleza kila kitu kwenye spika. Mara nyingi wanakuja pamoja na watu wa kabila la Huna Tlingit, wenyeji wa ile ghuba, ambao mababu zao walikuwa wanaishi humo mpaka miaka ya 1700 barafu iliposonga mbele ikawafukuza, wakahamia upande wa pili wa mlango wa bahari, na sasa mji wao ni Hoonah. Nakuomba uwasikilize hao watu. Nimeona abiria wanaacha maelezo yao wanaenda kupanga foleni ya chakula, na roho inaniuma kweli, maana ile buffet ipo kila siku.

Mabaharia wa nahodha Mwingereza George Vancouver walipopita hapo mwaka 1794, ghuba yenyewe karibu haikuwepo, ilikuwa ukuta wa barafu na kijishimo tu cha maji. John Muir, mtafiti wa mambo ya asili, alipofika mwaka 1879 barafu ilikuwa imesharudi nyuma zaidi ya maili 40. Leo meli inatembea kama maili 65 kutoka mlangoni mpaka mwisho, maji matupu, na wewe umesimama pale unajua kabisa kwamba chini yako na pembeni yako kote palikuwa barafu wakati babu wa babu yako yuko hai. Mimi hicho kinanigusa kuliko hata picha.

Mwisho wa safari hiyo ni glasia inaitwa Margerie, hiyo ndiyo meli zinasimama mbele yake. Uso wake una upana kama maili moja na unasimama kama mita 75 juu ya maji. Hapo ndipo kwenye ile robo maili niliyosema, na kapteni anasimamisha meli karibu saa nzima halafu anaizungusha taratibu papo hapo ili upande wa kulia uone na wa kushoto uone, kwa hiyo usimwage hela za ziada eti lazima upate chumba cha upande fulani. Pembeni ya Margerie kuna nyingine inaitwa Grand Pacific, imefunikwa na mawe na udongo mweusi, watu wanadhani ni kilima cha kifusi wanaipa mgongo kabisa. Iangalie, ndiyo iliyochimba bonde lote hilo.

Mita 400 unaweza kusema mbona mbali. Ukifika pale utaona iko karibu sana, kwa sababu hakuna mti, hakuna nyumba, hakuna mtu wa kulinganisha naye, jicho linapoteza kipimo. Kipande kikianguka unakiona kinaanguka polepole sana, na hiyo polepole ndiyo inakuonyesha kwamba kitu ni kikubwa na kiko mbali. Njia nzuri ya kupima ni sauti. Ukiona barafu imemeguka anza kuhesabu sekunde mpaka usikie ule mlio, kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Ukisikia baada ya sekunde moja na kitu uko kwenye mita 400, ukihesabu mpaka sita uko kilomita mbili. Mama alipotutembelea kutoka Tanga nikamfundisha hivyo, akawa anahesabu kwa sauti na watoto wote wa kizungu waliokuwa karibu wakawa wanahesabu naye. Halafu anauliza, "Mwanangu, mbona inanguruma na hakijaanguka kitu?" Ni kweli, inanguruma ndani kwa ndani, barafu inapasuka huko nyuma ambako huoni, na mara nyingi ukisikia mlio ndio unageuka na kitu kimeshaanguka zamani. Kwa hiyo usigeuze macho kutafuta sauti, chagua sehemu moja ya ukuta, ile ambayo vipande vidogo vidogo vinadondoka dondoka, kaa nayo.

Kuhusu mwezi. Hapo hapo Glacier Bay kuna mkono mwingine wa maji unaitwa Johns Hopkins, una glasia nzuri mno, lakini meli za kruzi haziruhusiwi kuingia kuanzia tarehe 1 Mei mpaka 31 Agosti, kwa sababu sili, wale wanyama wa baharini, wanazalia juu ya vipande vya barafu na kunyonyesha watoto wao pale. Meli ikikaribia mama anaruka majini, mtoto anabaki peke yake au anaingia kwenye maji baridi kabla hajapata mafuta ya kutosha mwilini. Mnaiona kwa mbali tu mkipita mlangoni. Ukisafiri Septemba meli inaweza kuingia. Mimi sina kinyongo hata kidogo na sheria hiyo, natamani iwepo kila mahali penye sili, na mtu akinilalamikia kwamba amezuiwa kwa sababu ya sili huwa namwambia pale ni wodi ya wazazi.

Hubbard ni habari nyingine. Hii iko karibu na Yakutat, ndiyo kubwa hasa, urefu wake kama kilomita 122, mwanzo wake uko Canada, na uso wake unaoingia baharini una upana kama kilomita 10 na unapita mita 100 kwenda juu. Wakati glasia nyingi zinarudi nyuma, hii inasonga mbele. Mwaka 1986 ilisonga mpaka ikaziba mdomo wa fiodi ya Russell (fiodi ni mkono mwembamba wa bahari kati ya milima), fiodi ikageuka ziwa, maji yakapanda mita zaidi ya 20 mpaka boma la barafu likapasuka, na mwaka 2002 ikaziba tena. Sasa kwa sababu inamega barafu nyingi sana, ile ghuba ya mbele yake mara nyingi inajaa mabonge yanayoelea. Mei na Juni mabonge ni mengi na sili wanazaa, meli inaweza kuishia maili kadhaa kutoka kwenye uso. Julai na Agosti nafasi ni nzuri zaidi, nimeona siku ambayo tulikaribia chini ya maili moja na siku ambayo ukungu ulifunika kila kitu tukawa tunaisikia tu. Kwa hiyo kama ratiba yako inasema Hubbard na ni Mei, nenda lakini ujue hivyo kabisa, usiahidi watoto.

Halafu kuna Tracy Arm na Endicott Arm, kusini ya Juneau, mji mkuu wa Alaska. Hizi ni fiodi nyembamba, kuta za mawe pande zote na maporomoko ya maji, nzuri mpaka unanyamaza. Ila wembamba huo huo ndio tatizo, meli ya mita 300 inahitaji nafasi ya kugeuka na kona zikijaa barafu kapteni hawezi kupita. Agosti 2025 upande wa mlima uliporomoka Tracy Arm karibu kabisa na glasia ya South Sawyer, ukasukuma wimbi lililokwangua msitu mamia ya mita juu ya kuta za fiodi. Ilikuwa alfajiri na hakuna aliyekufa, lakini fikiria ingekuwa saa sita mchana meli iko pale. Barafu inaporudi nyuma inaacha kuta za mlima bila kitu cha kuzishikilia, hatari hiyo ipo. Ratiba ikibadilishwa mkapelekwa Endicott Arm kwenye glasia ya Dawes msigombane na wafanyakazi, Dawes ni nzuri. Na ujanja wa Endicott ni huu: zipo boti ndogo zinazokuja kuchukua watu moja kwa moja kutoka kwenye meli mle mle kwenye fiodi, meli inabaki nyuma na boti inapenya kati ya barafu mpaka karibu. Inauzwa kama ziara ya pembeni na nafasi zinaisha mapema, ibuku miezi kabla.

Watu wanauliza kwa nini meli isisogee tu mpaka mita mia. Kwanza barafu inayomeguka inatengeneza wimbi na inarusha vipande. Pili, na hii wengi hawaijui, glasia inaendelea chini ya maji, na kipande kinaweza kukatika huko chini kikaibuka ghafla mbali na ukuta kwa nguvu za ajabu, hakuna wa kukupa tahadhari. Agosti 2007 huko Svalbard, Norway, meli ndogo ya watalii ilisogelea glasia, barafu ikaanguka, watu zaidi ya kumi wakaumia, wengine vibaya. Tena hiyo ilikuwa meli ndogo inayogeuka haraka. Hizi kubwa hazijajengwa kwa ajili ya kugonga barafu, bonge unaloona juu ya maji ni sehemu ndogo tu na lililobaki liko chini linasubiri ubavu na panga za injini. Kapteni akisema hapa mwisho, ni hapa mwisho, na pale pembeni yake kuna rubani wa meli wa Alaska, mwongozaji anayeyajua yale maji kwa miaka mingi.

Sasa ukishafika, vaa. Hata Julai upepo unaoshuka kutoka kwenye barafu unakata, koti la kuzuia upepo, kofia ya kufunika masikio, glavu, na usingoje meli isimame ndio ukatafute nafasi. Uliza siku moja kabla kama watafungua deki ya mbele kabisa, ile ya puani, meli nyingi zinaifungua siku ya glasia tu na hakuna kioo mbele yako. Beba darubini, hata ya bei rahisi, itakusaidia kuliko simu, maana ukizumu simu kwenye kilomita moja unapata uji mweupe.

Kwa ndugu wanaokuja kutoka nyumbani au wanaoishi huku bado wana pasipoti ya Kenya au Tanzania: meli zinazozunguka Seattle kwenda na kurudi ni lazima ziguse bandari ya nchi nyingine kwa sheria ya Marekani ya mwaka 1886, mara nyingi ni Victoria, Canada. Kwa hiyo mgeni anahitaji viza ya Canada na viza ya Marekani ya kuingia zaidi ya mara moja, hata kama hana mpango wa kushuka. Viza ya Canada ianzeni mapema sana, ndiyo inayokwamisha familia nyingi.

Na kama kiu yako ni ukaribu tu, huhitaji kruzi ya wiki nzima. Panda ndege mpaka Anchorage, chukua basi au treni mpaka Seward au Whittier, pale kuna boti za siku moja. Za Seward zinaingia Kenai Fjords kwenye glasia kama Aialik na Holgate, za Whittier zinaingia Prince William Sound, abiria ni mamia au pungufu, boti inazima injini mbele ya barafu na unasikia mapovu ya hewa yanapasuka kwenye vipande vinavyoyeyuka pembeni yako. Ukipata kichefuchefu baharini chagua Whittier, maji yake yametulia zaidi, Seward inabidi mpite sehemu ya bahari wazi. Mama alipenda Whittier kuliko ile meli kubwa yote, akasema meli ilikuwa na ngazi nyingi.